Wageni wa Jofri

Kila asubuhi, kabla ya kutia kitu kinywani, Mjomba Ildefons alitandika jani la mgomba juu ya mkeka, akaweka uma kushoto, kisu kulia, na kijiko upande wa juu. Alirudi nyuma hatua moja akatazama. Kisu kikiwa kimepinda kidogo, alikinyoosha. Halafu alinawa mikono, akakaa, akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwa vidole kama sisi wote. Akimaliza alivifuta vile vyombo ambavyo havikuguswa, akavifunga katika kitambaa, akavichomeka chini ya paa.

"Sasa hapo unafuta nini?" Mama alimwuliza.

"Dada, meza ni meza."

"Meza iko wapi hapa, Ildefons? Nionyeshe na mimi niijue."

"Ingekuwapo, ingekuwa imekwisha kutandikwa."

Mjomba ni mdogo wake Mama. Alikuwa mpishi wa Wazungu mjini Bukoba, kwa bwana mmoja wa kujenga barabara na mkewe aliyeitwa Memsahib Holi. Kwetu Kaagya alikuwa akija Krismasi tu, na mkate wa kuoka ndani ya kikapu. Lakini mwaka jana alikuja wakati kahawa iko kwenye mikeka inaanikwa, kwa miguu, bila mkate. Kichwani alikuwa na bakuli kubwa la kioo, na katika bakuli mlikuwa na maji, na katika maji mlikuwa na samaki mwenye rangi ya kaa la moto. Shati la Mjomba lilikuwa limelowa upande mmoja mpaka kiunoni.

"Umetuletea mboga," Mama alisema, akanyoosha mikono ampokee.

Mjomba akarudi nyuma. "Dada, huyu si mboga. Huyu ni Jofri."

Tukaelezwa. Wazungu wamekwenda likizo kwao Ulaya. Nyumba yao inaezuliwa bati, funguo zimepelekwa ofisini, na Jofri hakupata pa kukaa. Wakirudi watahamia Daressalaam, na Memsahib amesema atamchukua Mjomba awe mpishi wao huko, ikiwa atamkuta Jofri mzima.

"Na akimkuta amekufa?"

"Hilo hakulisema. Alinitazama tu."

Mama hakutania tena. Kibanja cha babu kilikwenda kwa kaka yao mkubwa, Rugemalira, na Rugemalira hampi mtu hata mkungu wa ndizi bila kumhutubia kwanza. Na Mjomba jembe lilikuwa likimkataa tangu utoto. Alikuwa akilishika kama mwiko. Pasipo jiko la Mzungu, angekuwa mtu wa kumlimia kaka yake akihutubiwa mpaka uzeeni.

Basi Jofri akawekwa juu ya sanduku la nguo, mahali pasipo jua. Alikuwa na kopo lake la unga. Mjomba alichota kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo, akanyunyiza, mara moja asubuhi, basi. Jofri alipanda juu, akafungua mdomo, akashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Mimi nilikuwa nikimtazama muda mrefu, na nadhani na yeye alikuwa akinitazama, kwa sababu hana kope.

Wageni walianza siku ya pili. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Ma Anatolia, mkubwa wa akina mama wa kanisani. Mama alimletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kama inavyotakiwa. Ma Anatolia akachukua punje zake, akatafuna, akamkazia macho Jofri.

"Mgeni huyu ametoka wapi?"

"Ulaya," akasema Mjomba.

"Amekula nini?"

"Amekula unga wake, Ma, asubuhi."

"Unga mkavu! Mtu katoka Ulaya, mnamlisha unga mkavu!" Akafungua kifurushi chake, akamega kipande cha ndizi ya kuchoma, akakitumbukiza majini. Jofri akapanda juu, akafungua mdomo.

"Mnaona? Alikuwa na njaa, maskini. Ila nyinyi hamsemi Kizungu, atawaambiaje?"

Mjomba alisema asante. Angesema nini? Mgeni wa nyumba ni mgeni wa kijiji, na anayemletea chakula hakatazwi. Aliyekuja baada ya Ma Anatolia alileta senene wa kukaanga. Mwingine ugali wa mtama kidogo. Watoto walileta mchwa. Mzee Ta Mujuni, ambaye kwake hukutana watu wakiwa na shauri, alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akasita nacho juu ya bakuli.

"Kwanza, huyu ni wa ukoo gani?"

"Ukoo? Sijui, waitu, mzee wangu," akasema Mjomba.

"Hujui ukoo wake, hujui mwiko wake, na unamlisha? Utamlisha mwiko wake afe, halafu utasema nini kwa wenyewe?"

Mjomba akafikiri. "Labda mwiko wake ni samaki."

"Hapo umesema jambo," akajibu Ta Mujuni, akadondosha rubisi kidogo, kwa heshima, pembeni pembeni. Jofri akapanda juu, akafungua mdomo.

Mama alikuwa mwenye furaha. Tangu msiba wa baba nyumba yetu haikuwahi kujaa watu. Alifagia uwanja kila mara, akatandika nyasi mpya sakafuni, akaamka mapema kuchemsha kahawa na majani yake ya harufu. Alipokwenda kisimani alisalimiwa kutoka mbali: "Mirembe, Ma Clotilda! Mgeni wako ameamkaje?"

Ikafika asubuhi moja Mjomba alimaliza kutandika jani lake, akageuka na kopo mkononi, akasimama hapo hapo. Jofri alikuwa analala ubavu juu ya maji. Tumbo lilikuwa limevimba, magamba yake yakawa kama nguo inayobana. Akijaribu kuzama, tumbo linamrudisha juu. Akijaribu kusimama, anapinduka, anatazama dari.

"Dada," Mjomba akaita, sauti yake ndogo. "Jofri anaumwa."

Na Mama, badala ya kunyamaza, akatoka uwanjani akamwambia Ma Anatolia juu ya ua: "Tuna mgonjwa."

Kwetu neno hilo halihitaji kupigiwa ngoma. Kabla jua halijawa kali uwanja ulikuwa umejaa. Mgeni unaweza kuacha kumtembelea, ukasingizia kazi. Mgonjwa huwezi. Na huendi mikono mitupu. Walikuja na vifurushi vya majani, wakaingia kwa zamu, wakapiga magoti mbele ya sanduku, wakasema "Pole, Jofri," wakamega, wakatumbukiza. Jofri, hata akiwa chali, alifungua mdomo.

"Anayekula hafi," watu walisema. "Mpeni."

Ma Anatolia alileta maji ya baraka katika chupa na kumimina yote. Maji yale yalikuwa ya baridi ya kisima, na Jofri alishtuka akazunguka bakuli mara nyingi kwa kasi, chali, kama mtu anayetafuta mlango.

"Umeona nguvu zake zinavyorudi!" akasema Ma Anatolia.

Dresa Privatus alifika na mkoba wake. Huyu ni binamu yetu, amefundishwa kufunga vidonda na kugawa vidonge, na haendi mahali bila kipimo cha homa. Alikipangusa, akakiingiza majini karibu na Jofri, akasubiri huku ametazama juu, midomo ikihesabu. Akakitoa, akakisoma, akakisoma tena karibu na dirisha.

"Hana homa," akasema.

"Ashukuriwe Mungu," wakasema akina mama.

"Nyamazeni kwanza. Ninachosema ni kwamba hana joto lolote. Kwa kipimo hiki, Mjomba, mgonjwa wako amekwisha kufa."

Jofri akafungua mdomo.

Dresa akamtazama, akakitazama kipimo, akakirudisha kwenye mkoba pole pole. "Basi ni tumbo. Mpe mafuta ya mbarika, kijiko kimoja."

"Nitampaje?"

"Kama mtoto. Unamziba pua."

"Pua yake iko wapi, Privatus?"

Dresa aliinama akatafuta kwa muda. Halafu akasema ana wagonjwa wengine wanamngoja.

Aliyesema neno lenye maana kidogo ni Yunus wa Hamugembe kule mjini, mfanyabiashara wa dagaa na samaki wakavu, aliyekuwa akipita kwetu na baiskeli yake siku za gulio. Watu walimsukuma ndani wakisema amepatikana bingwa. Yunus alikataa mlangoni.

"Jamani, msinitie kwenye lawama. Mimi nawajua samaki waliokufa. Huyu anapumua, si wa fani yangu."

"Tazama tu, ndugu yangu," Mjomba akamsihi.

Yunus akatazama. "Akielea hivi tumbo juu, tumbo limejaa. Chakula na upepo."

"Dawa yake?"

"Mimi nawapasua, Ildefons, nawatia chumvi, nawaanika. Wanapona kabisa, hawalalamiki tena." Akaona uso wa Mjomba, akaacha kucheka. "Samahani. Sikujua kwamba mmezoeana."

Siku iliyofuata mvua ilinyesha. Si manyunyu, mvua ile ya kutoka ziwani, inayolaza migomba na kufanya njia kuwa mto. Ilikata ikarudi, ikakata ikarudi, na hakuna mtu aliyetoka kwake. Mama alikaa mlangoni na kikapu chake cha kahawa akitazama njia. Mjomba naye hakuwa na hamu ya kitu. Alisahau hata kopo la unga. Alichofanya ni kubadilisha maji tu, maana yalikuwa yameanza kunuka kama jungu la rubisi: aliyateka mapema, akayaacha kwenye chungu mpaka yakakosa baridi, akatia chumvi kidogo kwa sababu mpishi hawezi kuona maji bila kuyatia chumvi, kisha akayabadilisha nusu kwa nusu kwa kikombe.

Jofri alikaa na njaa. Alipanda juu, akafungua mdomo, hakupata kitu, akapinduka. Akatoa mkojo, au kinyesi, kamba ndefu ndefu ambayo Mjomba aliifuata kwa macho kama mtu anayesoma. Mvua ilipokuwa bado inanyesha, ubavu wake ukaanza kuinuka. Akawa kama mlevi anayejitahidi kwenda kanisani. Halafu mgongo wake ukawa juu na tumbo likawa chini, akazama mpaka chini ya bakuli, akakaa huko.

Mjomba alikaa amechuchumaa, mikono juu ya magoti, akimtazama, na baadaye akatazama mvua.

Mvua ilipokatika, watu walikuja wakikimbia. Walikuwa na aibu. Mgonjwa ameachwa peke yake muda wote huo! Kila mmoja alileta mara mbili ya kawaida yake, na Ta Mujuni alileta kibuyu kikubwa zaidi. Walipomkuta Jofri amesimama vizuri walipiga vigelegele, wakamlisha kwa furaha. Jioni Jofri alikuwa chali, amevimba kuliko mwanzo, na mdomo wake sasa ulikuwa unafunguka kwa shida.

Watu walipokwisha kuondoka, Mjomba akamwambia Mama, "Dada, nimeujua ugonjwa wake."

"Ni nini?"

"Ni watu."

Mama aliweka chini kikapu. "Unasema nini?"

"Analiwa na pole. Mvua ilimponya kwa sababu iliwafungia watu njia. Nataka tufunge mlango, Dada. Asiingie mtu. Asile kitu mpaka tumbo lishuke."

"Kufunga mlango, mna mgonjwa ndani, mchana?"

"Ndiyo."

"Ildefons. Unajua nyumba inayofunga mlango mchana inaitwaje?"

Alijua. Sote tunajua. Ni nyumba ya mchawi, au ya mtu anayekula peke yake, na kwetu hao wawili ni ndugu. Mama akatazama uwanja wake uliofagiliwa. Halafu akainuka, akauvuta mlango mwenyewe. Uliburuta chini kwa kelele, maana haukuwa umezoea.

Ma Anatolia alikuwa wa kwanza kuukuta.

"Hodi! Ma Clotilda! Mlango wenu umeanguka?"

"Haujaanguka, Ma," akajibu Mjomba kwa ndani. "Umefungwa. Mgonjwa anapumzika."

"Nimemletea kitoke na siagi ya ng'ombe."

"Asante sana. Hali kitu."

"Hali? Ni nyinyi mnamnyima!" Sauti yake ikapanda ili ua wa pili usikie. "Mzungu wa watu mnamfungia ndani afe njaa! Jofri! Jofri, baba, wanakutesa?"

Jofri hakujibu. Ma Anatolia akasema ukimya huo ameuelewa.

Mjomba aliendelea na tiba yake. Maji ya chungu, chumvi kidogo, na kumnyima kila kitu. Jofri akawa anapanda juu na kufungua mdomo kila akiona kivuli, na Mjomba aliondoka mbele yake asije akalegea. Tumbo likaanza kushuka. Lakini huko nje mambo yalikwenda kinyume. Kisimani wanawake walinyamaza Mama alipofika, wakaanza kuongea alipojitwisha mtungi. Moto wetu ulipozimika, tulikwenda kuomba kaa kwa Ma Anatolia, akasema na kwake umezimika, na moshi ulikuwa unatoka kwenye paa lake wakati anasema. Mama alirudi akala ndizi mbivu.

Mwishowe Ta Mujuni alikuja. Hakuingia, alisimama uwanjani na fimbo yake.

"Clotilda, watu wamekaa kwangu. Wanasema hivi: Jumapili baada ya misa mlango ufunguliwe, wote waje wamwone mgonjwa, wampe vyao, na wewe utoe rubisi ya kuomba radhi. Mkikataa, sawa. Ila nyumba inayojiuguza yenyewe, siku ya msiba itajizika yenyewe."

"Nimesikia, waitu," akasema Mama.

Mzee alipoondoka, Mama hakumtazama mdogo wake. Alikaa akipangusa kikapu cha kahawa ambacho hakikuwa na vumbi. Mjomba alimtazama Mama, akamtazama Jofri. Jofri alikuwa amesimama sawasawa, mwembamba, anatembea kando ya kioo kama karani. Jumapili moja tu ya akina mama wale ingemtosha.

"Wazungu watarudi lini?" Mama akauliza.

"Bado sana."

"Basi fungua mlango, au usifungue. Lakini mimi naishi hapa, Ildefons."

"Najua, Dada."

Jumapili asubuhi, watu wakitoka misa kwa wingi na vifurushi vyao, walikuta mlango uko wazi. Mjomba alikuwa amesimama uwanjani amevaa kanzu yake nyeupe ya kazi, mkanda mwekundu kiunoni, ngata kichwani. Vyombo vyake vilikuwa vimefungwa kwenye kitambaa. Hakuwa ametandika kitu asubuhi ile.

Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Jamani, mgonjwa amezidiwa. Nampeleka mjini."

Loo! Hasira yote ikaisha hapo hapo. Mgonjwa akizidiwa, akapelekwa, nani tena ana kinyongo? Ma Anatolia alitupa mikono kichwani akalia. Akamkumbatia Mama, akamwita dada, akasema moto wake unawaka, achukue wote. Ta Mujuni akanyoosha fimbo.

"Vijana! Leteni engozi! Mgonjwa wetu hatembezwi na mtu mmoja."

Vijana wakakimbia wakarudi na machela ile ya kusukwa, wakapanga mabega tayari. Mjomba akakataa kwa adabu.

"Asante, waitu. Huyu akilazwa, anamwagika."

Wakashauriana, wakaona ni kweli. Basi wakamletea chakula cha njiani, kwa sababu mgonjwa hasafiri na njaa: ebitoke, senene, mayai, kuku mzima wa kuchemsha aliyefungwa kwenye jani. Mjomba alipokea kila kifurushi kwa mikono miwili, akamshukuru kila mtu kwa jina la mgonjwa, akakijaza kikapu. Dresa Privatus alimpa chupa ya mafuta ya mbarika.

"Utafikia kwa nani?" Mama akamwuliza pembeni.

"Kwa Yunus, Hamugembe. Ana chumba."

"Na majirani wa huko je?"

"Wanauza samaki, Dada. Hawawatembelei."

Mama alicheka, akaziba mdomo, maana nyumba yenye mgonjwa aliyezidiwa haichekewi. Halafu akasaidia kumtwisha bakuli.

Baadaye Yunus alitusimulia kwamba aliwaona bandarini: Wazungu mbele, mizigo katikati, na mtu wa kanzu nyeupe nyuma yao anapanda meli taratibu, na bakuli kichwani. Mama alikuwa amemtuma amwambie Mjomba kwamba Krismasi mlango utakuwa wazi, lakini meli iliondoka kabla hajamfikia, na Krismasi ilikuja bila mkate. Hakurudi.

Lakini siku ile ya Jumapili, Mjomba alipofika kwenye ua, Ma Anatolia alimwita: "Ildefons! Mtarudi lini?"

"Akipona," akajibu bila kugeuka, maana asingeweza kugeuka.

Akashuka njia ya migomba, mkono mmoja juu, kikapu mkono wa pili, na kijiji kizima nyuma yake kikimwombea. Jua lilikuwa limeingia kwenye bakuli. Kutoka pale tulipokuwa tulimwona Jofri vizuri juu ya kichwa chake, mgongo juu, tumbo chini, akizunguka.